Mama Subiri na tatuu ndogo anazokataa kuchora

Saa tatu na robo asubuhi, na Mama Subiri ameshamkatalia mtu.

Aliyekataliwa bado yuko kitini. Ni msichana wa miaka ishirini na ushei, kucha zimepakwa rangi ya maziwa, simu mkononi. Kwenye simu kuna picha ya kidole cha mwanamke mwingine, na ubavuni mwa kidole hicho kuna sentensi nzima, maneno tisa, herufi nyembamba kama miguu ya mbu. Anaitaka hivyo hivyo, mahali hapo hapo, leo.

Mama Subiri hagombi. Anavuta karatasi, anachukua kalamu yenye ncha nyembamba na kuiandika sentensi ile kwa ukubwa anaoutaka mteja. Inapendeza. Kisha anachukua kalamu nyingine, ile nene ya kuandikia maboksi, na kuandika maneno yale yale chini yake, kwa ukubwa ule ule. Akimaliza, mstari wa pili ni mfululizo wa madoa meusi, kama kunguni wamepangwa foleni.

"Huu wa juu ni leo," anasema. "Huu wa chini ni siku unampeleka mwanao darasa la kwanza. Akikuuliza imeandikwa nini, utamjibu nini?"

Msichana anasema kuna kwingine wanachora. Mama Subiri anakubali kwamba wapo, na anamwelekeza hadi njia: ashuke ngazi, akate kushoto, atauona mlango wa kioo. Msichana anasonya kidogo na kuondoka. Viatu vyake vinasikika kwenye ngazi mpaka chini.

Ni wa nne wiki hii, na leo ni Jumatano.

Chumba anachofanyia kazi kiko juu ya duka la mapazia. Kina dirisha moja kubwa, kitanda kilichofunikwa plastiki, taa yenye shingo ndefu, sinki, na boksi la manjano la kutupia sindano zilizotumika. Ukutani hakuna picha hata moja ya tatuu iliyochorwa leo wala jana. Kila picha imeandikwa umri wake: mwaka mmoja, miaka minne, miaka kumi na mmoja. Nyingine ni nzuri. Nyingine zimeharibika vibaya, nazo zimewekewa fremu sawasawa na zile nzuri.

Jina la Mama Subiri hakulipata kwa kuzaa mtoto aitwaye Subiri. Wateja ndio waliombandika. Subiri mwezi mzima uone kama bado unaitaka. Subiri kidonda kipone, usikwangue. Subiri mwaka upite, halafu rudi niione. Mume wake, fundi viatu, hutania kwamba hata alipokwenda kumposa aliambiwa asubiri, na mpaka leo hana hakika kama jibu lilishatoka.

Ana miaka hamsini na mitatu. Kazi hii ameifanya miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo alikuwa akichonga mihuri ya mpira katika kiwanda kidogo cha uchapaji: mihuri ya shule, ya ofisi, ya mahakama. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo baadaye lilimgharimu kulisahau. Muhuri wenye herufi ndogo sana hupendeza siku ya kwanza. Baada ya miezi michache wino hujaa ndani ya matundu ya herufi, 'a' ikafumba jicho, 'e' ikafumba mdomo, na karani akaurudisha akilalamika.

Kiwanda kilipofungwa alimfuata mchora tatuu mmoja mzee, mtu wa maneno machache na mgongo mbovu, akajifunza kwake miaka mitatu. Mwaka wa kwanza hakugusa ngozi ya mtu. Alichora juu ya maganda ya machungwa mpaka nyumbani kwake watu wakachoka kula machungwa.

Swali analoulizwa kuliko yote ni kama tatuu ndogo zinadumu. Halijibu kwa neno moja.

Anaeleza kwamba ngozi ni kitu kilicho hai, wala si karatasi. Wino ukishaingia hautulii tuli kama rangi ukutani. Kadiri miaka inavyokwenda hutambaa polepole na kujitanua. Mstari uliokuwa unene wa unywele huwa unene wa uzi, na wa uzi huwa wa kamba ya kiatu. Kama mchoro ni mkubwa, nafasi ipo, hakuna anayegundua. Kama ni mdogo na umesongamana, mistari inakutana, inashikana, inakuwa doa. Vidole, viganja na kando za nyayo ndiko kubaya zaidi, kwa sababu ngozi ya huko inasuguliwa na kuoshwa kutwa nzima. Jua nalo lina njaa yake.

Lakini hakubali kusemwa kwamba anachukia tatuu ndogo. Akisikia hivyo anashusha picha moja ukutani. Ni ndege mdogo, hazidi ukucha wa kidole gumba, nyuma ya sikio la muuguzi mmoja. Mistari mitatu tu, na kati yake nafasi wazi. Ana miaka kumi na mmoja, na bado ni ndege.

"Udogo si kosa. Kosa ni msongamano," anasema. "Kosa kubwa kuliko hilo ni mtu kujua kwamba itaharibika, akanyamaza."

Hilo la kunyamaza analisema akiangalia chini. Ana sababu.

Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Aliyemlea ni dada yake mkubwa, ambaye aliacha shule akaenda kufua nguo za watu ili mdogo wake asiache. Dada huyo baadaye aliolewa, akapata mtoto mmoja wa kiume. Mtoto aliugua homa Jumatatu, na Alhamisi wakamzika. Alikuwa na miaka saba.

Miezi kadhaa baada ya msiba, dada alipanda ngazi zile akakaa kwenye kitanda cha plastiki. Alitaka jina la mtoto na tarehe aliyozaliwa, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kwa maandishi madogo kabisa. Hakutaka watu wayaone na kuanza kumpa pole upya sokoni. Alisema anataka tu, akikaa peke yake, aweze kumsoma mwanawe.

Mama Subiri alikuwa na miaka miwili tu tangu aanze kujitegemea. Mkono wake ulikuwa mwepesi na sifa zilikuwa zimeanza kumlevya. Anakiri kwamba moyo wake ulimkumbusha mihuri. Aliupuuza. Huyu alikuwa dada, alikuwa amefiwa, na alikuwa anaomba kitu kidogo. Nani angemwambia hapana?

Alichora. Ilitoka nzuri ajabu. Picha yake ilizunguka, na kwa mwaka mzima watu walikuja wakitaka "kama ile ya dada yako".

Mwaka wa sita herufi zikaanza kushikana mikono. Mwaka wa tisa hakukuwa na jina. Palikuwa na doa la kijani lenye ubluu, kama jeraha la kugonga meza, na watu wakawa wanamuuliza dada mtu amejigonga wapi. Akanunua bangili pana ya shaba. Hakuivua tena mbele ya watu.

Hawakugombana. Dada si mtu wa kelele. Siku moja tu, wakiwa wanakunja nguo pamoja, alisema bila kuinua kichwa, "Ulinipa jina lake, mdogo wangu. Halafu ukalichukua tena." Akaendelea kukunja. Baada ya hapo waliongea kila kitu, watoto, bei ya sabuni, majirani, isipokuwa hilo.

Hiyo ni miaka minane iliyopita. Wiki ile ile Mama Subiri alinunua daftari kubwa la jalada gumu. Akaanza kuandika kila mteja, mahali alipochorwa, ukubwa wa mchoro kwa milimita, na tarehe. Akawasaka hata wa zamani. Mwaka ukitimia anampigia mteja simu, anamwomba apite ampige picha. Halipishi. Wengi huja, maana mtu akiitwa aangaliwe bure hujiona wa maana. Madaftari sasa ni matatu, na ndani yake mna watu mia mbili na kumi na wanne.

Kutoka kwenye madaftari hayo zilizaliwa sheria zake. Hachori maneno vidoleni. Hachori herufi ambayo tundu lake haliwezi kupitisha kichwa cha pini. Hachori uso wa mtu kwenye nafasi ya sarafu. Kati ya wateja watano wanaopanda ngazi, watatu wanashuka bila kuchorwa. Siku nyingine anarudi nyumbani na nauli tu, na siku nyingine anarudi kwa miguu.

Mume wake alijaribu kumshauri. Alimwambia amchoree mtu anachotaka. Miaka sita ikifika mteja atakuwa ameshasahau alichorwa na nani.

"Mimi sitakuwa nimesahau," mkewe alimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka jana mambo yalimfika shingoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakaribia kuolewa alikuja akitaka nadhiri zote za ndoa ziandikwe kuzunguka kidole cha pete. Mama Subiri alikataa, akatoa kalamu zake mbili kama kawaida. Hakujua kwamba anarekodiwa. Jioni ile video ilikuwa mtandaoni, imekatwa pale tu anaposema "sichori", na chini yake kumeandikwa kwamba bibi huyu mikono inatetemeka, ndiyo maana anaogopa kazi ndogo.

Mwenye duka la mlango wa kioo, kijana anayevaa koti jeupe kama la maabara na kuitwa na watu Daktari, aliisambaza video hiyo kwa wafuasi wake. Aliongeza kwamba zama za wachonga mihuri zimepita. Yule bibi harusi alichorwa kwake siku mbili baadaye, na picha ikapata sifa nyingi kuliko harusi yenyewe.

Kwa wiki tano ngazi za juu ya duka la mapazia hazikuwa na kishindo cha mtu. Mama Subiri alisafisha mashine isiyotumika. Binti yake alimsihi atoe video ya kujibu, aonyeshe mikono yake haitetemeki. Hakutaka. Alisema mkono usiotetemeka unaweza vilevile kuandika uongo.

Alichofanya ni kujiandikisha kwenye maonyesho ya wachora tatuu, ambayo hakuwahi kushiriki. Hufanyika mara moja kwa mwaka, katika ukumbi mkubwa. Kila fundi hupewa meza, na juu ya meza huweka picha za kazi zake bora, zote zikiwa mbichi, ngozi bado ina wekundu na inang'aa mafuta.

Mama Subiri hakupeleka picha. Alifungua madaftari akaanza kupiga simu. Ilimchukua siku kumi na moja. Aliwaomba watu waje wenyewe na ngozi zao, wenye tatuu nzuri na wenye zilizoharibika. Waliokubali walikuwa sitini na watatu.

Bado alikuwa anakosa mmoja. Hakuona haki ya kuanika makosa madogo akaficha lile kubwa.

Alikwenda kwa dada yake Jumapili alasiri, akamkuta barazani anashona kishikizo. Alimweleza yote, video, ngazi zilizonyamaza, maonyesho. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wakikuuliza hili doa ni la nani, utasemaje?"

"Nitasema ni langu. Nimelichora mimi, na nilijua."

Ndipo dada akajua jambo ambalo hakuwahi kuambiwa: kwamba mdogo wake alijua tangu siku ile, akanyamaza. Alikata uzi kwa meno. Alisema hatoi ahadi. Mama Subiri aliondoka bila hata kumaliza maji aliyopewa, na anasema njia ya kurudi nyumbani haikuwahi kuwa ndefu namna ile.

Siku ya maonyesho walifika thelathini na mmoja. Aliwapanga kwenye viti mbele ya meza yake, kila mmoja na kipande cha karatasi kifuani kilichoandikwa umri wa tatuu yake. Juu alitundika kitambaa: NJOO UONE ZILIZOZEEKA. Muuguzi alikaa ameinamisha kichwa, watu wanamchungulia nyuma ya sikio. Fundi umeme mmoja alikunja mkono wa shati kila dakika kuonyesha nyota tano ambazo sasa zilikuwa nne na nusu. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuuliza maswali. Waliokuwa wamejipanga kwenye meza nyingine wakaanza kusogea.

Saa nane na nusu dada aliingia. Alikuwa amevaa gauni lake la kwendea harusini, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu, una alama nyeupe pale bangili ilipokaa miaka yote. Hakumsalimia mtu. Alichukua kiti, akakiweka mbele ya vyote, akakaa na kuugeuza mkono juu ya goti.

Msichana mmoja alimuuliza paliandikwa nini. Dada akalitaja jina la mwanawe, lote, kwa sauti ya kawaida, kisha siku aliyozaliwa. Mama Subiri anasema alikuwa hajalisikia likitoka kinywani mwa dada yake tangu mazishi.

Daktari naye alikuja, na koti lake, na watu wanaomfuata na simu. Alitazama viti, akatazama ule mkono, akauliza kwa sauti ya kusikika ni mtu gani mwenye akili timamu atamwamini fundi anayetembeza uharibifu wake mwenyewe.

Mama Subiri alifungua mdomo. Dada alimtangulia.

"Nimezunguka meza zote humu ndani, mwanangu," alimwambia. "Huyu ndiye peke yake aliyeleta wa kwake. Wako wako wapi?"

Daktari alicheka, akasema kazi zake ni nyingi mno, hazienei ukumbini. Lakini swali lilikuwa limeshatoka. Kijana mmoja katika lile kundi la simu alikunjua kiganja chake, akaanza kukiangalia. Alikuwa amechorwa kwa mlango wa kioo miaka miwili nyuma, maneno manne kando ya kidole. Yalikuwa yamebaki mawili, na moja lilikuwa halisomeki. Alikiinua tu kidole, na aliyesimama jirani yake akakipiga picha.

Mtu asidhani kwamba kesho yake dunia iligeuka. Wateja walirudi, lakini kwa kuchungulia. Daktari hajawahi kumwomba radhi, wala hawajasalimiana. Ila aliyepita karibu na mlango wa kioo mwezi uliopita aliona kibao kipya kimebandikwa: HATUCHORI MANENO VIDOLENI. Mama Subiri alipoambiwa, alitikisa kichwa na kusema kwamba angalau mwandiko wake ni mkubwa.

Na video? Bado iko pale. Binti yake humsomea maoni mapya akitaka kumchekesha. Yeye hajaiomba ifutwe. "Nilisema sichori, na bado sichori," aliliambia gazeti hili. "Wafute kwa nini? Ni tangazo la bure."

Kati ya ndugu hawa wawili, mambo yalichukua muda wake. Siku chache baada ya maonyesho Mama Subiri alimwambia dada yake kwamba yuko tayari kuliandika jina upya, mkononi juu, herufi za urefu wa kidole gumba, ambazo mtu hata akifika miaka tisini atazisoma bila miwani. Alikuwa ameshazichora kwenye karatasi, karatasi kumi na mbili.

Dada alizitazama zote. Akazipanga vizuri, akamrudishia.

"Mwanangu nilikaa naye miaka saba," alimwambia. "Hili doa nimekaa nalo kumi na saba. Liache."

Hakusema amesamehe. Lakini bangili ya shaba alimpa binti wa Mama Subiri, na tangu siku hiyo, mtu akimuuliza amejigonga wapi, humketisha chini na kumsimulia habari za mtoto aliyekuwa anaogopa kuku.

Sasa Mama Subiri anafundisha. Ameanza mwezi huu na wanafunzi wanne, wanawake watatu na mwanamume mmoja aliyekuwa mwashi. Hawalipi ada; wanafagia, wanachemsha vyombo, wanachora maganda. Mmoja wao ametumwa na shangazi yake, ambaye alikuja juu akidai cheti ndani ya miezi sita, kama wanavyotoa kwingine. Aliambiwa kwingine ni kushoto, mlango wa kioo.

Kwa Mama Subiri, kila mwanafunzi atachora kazi yake ya mwisho juu ya paja lake mwenyewe: tatuu moja ndogo, isiyozidi upana wa vidole viwili, yenye neno ndani. Kisha atasubiri miaka mitatu. Ataruhusiwa kufanya kazi chini ya jicho lake, lakini cheti hatapata kabla ya hapo. Watu wamemwambia hakuna mwanafunzi atakayevumilia, kwamba wote watamkimbia, na kwamba ikifika siku hiyo yeye mwenyewe atakuwa anakaribia miaka sitini, na macho mabovu.

Anasema miwani inauzwa. Tarehe ameshaiandika kwenye jalada la daftari la nne, ambalo bado ni tupu.

"Siku ya mtihani hakuna atakayeshika sindano," anasema, akivaa glavu kwa ajili ya mteja aliyeanza kupanda ngazi. "Watajifunga khanga, wakae pale dirishani penye mwanga, wafunue paja. Mimi nitasoma. Neno likisomeka, amefuzu. Lisiposomeka, hata kama ni mwanangu wa kumzaa, ataanza upya na machungwa."